Barua kwa mpwa wangu anayesubiri wazo jipya

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Umesema unataka kubuni kitu ila wazo bado halijakujia. Acha kulisubiri. Litazame jiko la mkaa hapo kwenu, lile lenye kauri ndani, kiuno chembamba na kitako kipana. Lina mengi ya kukufundisha kuliko hadithi za watu walioangukiwa na tufaha, wazo likawajia papo hapo.

Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote. Kenya ikaanza kuhangaikia nishati ya kupikia, na mijini chakula kilipikwa kwa mkaa. Majiko ya wakati ule yalikuwa ya bati tupu. Bati hupitisha joto upesi, kwa hiyo moto mwingi ulipotelea ubavuni badala ya kufika kwenye sufuria. Hasara hiyo aliilipa mnunuzi wa mkaa, debe baada ya debe.

Thailand tayari walikuwa na jiko la ndoo: nje bati, ndani udongo wa kuchomwa kutoka juu hadi chini, na katikati majivu ya makapi ya mpunga ya kuzuia joto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazo hilo likafanyiwa kazi Kenya. Kulinakili vilevile hakukufaa. Jiko lilikuwa zito, na umbo la ndoo, jembamba chini, huyumba mtu akisonga ugali. Huko lilikotoka hakuna aliyewahi kulisongea ugali!

Basi kauri ikabakizwa nusu ya juu tu, pale mkaa unapokaa. Chini ni chumba cha majivu chenye kimlango cha kupunguza au kuongeza hewa. Mwili ni koni mbili za bati, mara nyingi la pipa kuukuu, zilizoungwa kiunoni: ya juu inashika kauri isididimie, ya chini inazuia jiko lisipinduke. Fundi wa jua kali hakuhitaji mashine. Nyundo, mkasi wa bati na kipande cha reli cha kugongea vilimtosha.

Kazi ngumu iko kwenye kauri. Udongo unafinyangwa kwenye kalibu, unatobolewa matundu ungali mbichi, unaanikwa kivulini, ndipo unaingia tanuri. Ukianikwa kwenye jua kali, uso unasinyaa kabla ya ndani kukauka, na ufa unaanzia hapo. Kisha kati ya kauri na bati unashindiliwa mchanganyiko wa simenti na vermikulaiti, madini mepesi ya kuzuia joto. Bati likipata moto hutanuka kuliko kauri. Simenti tupu, kwa ugumu wake, hupasuka na kauri ikaanza kucheza. Vermikulaiti hulegeza mchanganyiko na kuzuia joto lisitoke. Majiko mengi ya bei ya kutupa yamepunjwa hapo hapo, kwenye mchanganyiko, na kwa macho huwezi kujua.

Jiko lililotengenezwa vizuri hupunguza mkaa kwa theluthi hivi, pengine zaidi. Mafundi wakaigana, bei ikashuka, likavuka hadi Tanzania, Uganda na Ethiopia. Lakini vijijini, kwa watu wanaookota kuni bure, lilikwenda polepole sana. Kwa nini ununue kifaa cha kuokoa usichokilipia?

Uingereza nako ilikuwa hivyohivyo. Injini ya mvuke ya Newcomen ya mwaka 1712, ya kuvuta maji migodini, ilikula makaa ya mawe kupita kiasi, lakini kwenye migodi ya makaa yenyewe hakuna aliyejali sana: makaa yalikuwa mlangoni. Injini ya James Watt, iliyokula makaa machache zaidi na aliyoipatia hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1769, ilipata wateja wake wakubwa Cornwall, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, kwenye migodi ya shaba na bati, ambako makaa yaliletwa kwa meli na kuuzwa ghali. Yeye na mwenzake Boulton walidai theluthi ya thamani ya makaa yaliyookolewa. Wenye migodi wakalipa huku wakinung'unika, na baadaye baadhi yao wakagoma kulipa kabisa.

Mjomba wako