Malalamiko: floo mita mliyotuuzia haifai kwa bia, tunaomba hela yetu au mbadilishe

Habari za kazi meneja,

Naandika kutoka Nyakato hapa Mwanza, tuna kiwanda kidogo cha bia, tunapika lita 500 kwa mkupuo. Mwezi wa tatu tulinunua kwenu floo mita moja, ile ya kupimia lita zinazopita kwenye bomba, namba ya invoisi nimeambatanisha, tukalipa na nauli ya basi kutoka Dar juu yake.

Kabla ya kulipa niliongea na kaka wa mauzo kwenye simu karibu nusu saa, nikamweleza kila kitu. Nikamwambia mita itapitisha maji ya moto ya kuloweka kimea halafu siku hiyo hiyo itapitisha woti (maji matamu ya kimea ambayo bado hayajawa bia) iliyopoa ikienda kwenye tangi la kuchachusha, na ndani ya woti kuna mabaki ya hopsi (maua ya kuipa bia uchungu) na makapi hata uchuje vipi, na kila tukimaliza tunaosha kwa kostiki (dawa kali ya alkali ya kusafishia) asilimia 2 ikiwa na joto la nyuzi 70 au zaidi, kisha asidi ya kung'oa magamba. Akanijibu hamna shida, hiyo ni stenlesi ya chakula, viwanda vingi vinatumia.

Sio stenlesi jamani, ni aluminiamu. Siku ya kwanza tu tulipozungusha kostiki ilianza kutoa mapovu na bodi ikawa nyeusi, maana kostiki inaila aluminiamu, hilo fundi yeyote wa viwanda vya vinywaji analijua. Baadaye kijana wetu alikwenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba akakuta mita kama hiyo hiyo wanapimia dizeli ya mitumbwi. Kwa dizeli naamini ni nzuri kabisa. Ila sisi tunatengeneza kitu ambacho watu wanakunywa, hili ndilo limeniuma kuliko hela.

Na vipimo vyenyewe. Ndani kuna propela na beringi, hopsi zinanasa pale inazunguka kwa uvivu, mita ikasoma lita 310 wakati kwenye tangi tulipopima kwa mkono zilikuwa 350, tukawa tumeshazidisha maji na bia ikatoka nyepesi, wateja wakalalamika. Kuisafisha ndio balaa kubwa zaidi, maungio yake ni ya kusokota kama koki ya bomba, uchafu unajificha kwenye zile nyuzi za msokoto na hata ukipitisha maji yanayochemka, ambayo huku kwetu juu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hautoki. Tulipoifungua tulikuta ute na harufu ya maziwa yaliyolala. Woti ikishapoa haichemshwi tena, kwa hiyo vijidudu wa pale wanaingia moja kwa moja tangini. Mkupuo wa pili wote uliingia ukakasi ukaharibika, tukamwaga lita 500.

Kaka wa mauzo aliniambia nipulizie upepo wa kompresa kuisafisha. Tafadhali msimwambie mteja mwingine hivyo, upepo unazungusha propela kwa kasi isiyo yake na beringi zinakufa.

Tulichohitaji tangu mwanzo ni mita ya sumaku, bomba la ndani liko wazi halina kinachozunguka, bodi ya stenlesi aina ya 316, maungio ya klampu na gasketi ambayo mtu anafungua kwa mkono anaona kama pamesafishika. Woti, bia na maji ya bomba vyote vinapitisha umeme kwa hiyo ingesoma vizuri, muhimu bomba lijae na kusiwe na mapovu. Mnazo, nimeziona kwenye orodha yenu, ni ghali zaidi na kama angeniambia ukweli ningejichanga.

Naomba moja kati ya haya ndani ya siku 14: mrudishe hela yote pamoja na nauli, au mtupe hiyo ya sumaku nasi tuongeze tofauti ya bei. Lita 500 tulizomwaga tukae tuongee. Kukiwa kimya nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani. Mita tumeishaisuuza na kuifunga kwenye boksi lake, picha za bodi ilivyolika nimeziweka hapa, mkituma mtu aje kuichukua nipo kiwandani kila siku kasoro Jumapili.

Mpishi mkuu wa bia,
Nyakato, Mwanza