Ninaomba Mlingoti, Si Mnara: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa umri wangu ningeweza kukuita mwanangu, lakini kiti ulichokalia kina heshima yake, kwa hiyo nitabaki na Ndugu Mkurugenzi. Habari za kazi.

YAH: OMBI LA KUSIMAMISHA MLINGOTI WA REDIO YA RIDHAA KATIKA KIWANJA CHA MAKAZI

Ombi langu liko ofisini kwenu tangu kabla ya mvua za vuli. Nimefika dirisha la mipango miji mara sita, na mara zote sita nimepokelewa kwa adabu. Hilo nalisema mapema, mtu asije akadhani nimekuja kuwashtaki vijana. Tatizo ni fomu. Fomu ina makazi, ina biashara, ina taasisi, na ina "mnara wa mawasiliano". Mimi nataka kusimamisha chuma cha mita 12 nyuma ya nyumba yangu nitundike waya wa redio. Kijana alinitazama, akaitazama fomu, akatia tiki penye mnara. Kuanzia siku hiyo nimekuwa kampuni ya simu.

Nikaambiwa nilete leseni ya mtoa huduma, mkataba wa pango la eneo na cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira. Mkataba wa pango kati ya nani na nani? Kiwanja changu, chuma changu, na atakayekitumia ni mimi mwenyewe, mstaafu mwenye goti bovu. Nilipouliza nikipangishe kwa nani, kijana alicheka, nami nikacheka, kisha faili likarudi kabatini.

Redio ya ridhaa, Ndugu Mkurugenzi, ni kama mpira wa ridhaa: anayecheza halipwi. Kanuni za kimataifa za redio zinaitambua kuwa ni huduma ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya majaribio ya ufundi, kwa watu walioruhusiwa na nchi zao, bila kutafuta faida ya fedha. Leseni yangu imetolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na jina la kituo changu linaanza na 5H, alama ambayo popote duniani ikisikika watu wanajua anayeongea yuko Tanzania. Zamani za mkoloni Tanganyika ilikuwa VQ3. Wenzetu wa nje hujiita ham. Ukilitia neno hilo irabu ya mwisho kama tulivyozoea linakuwa hamu, na wake zetu watakuambia ndio ugonjwa wenyewe.

Wangu ulianzia Kigoma. Miaka ya themanini nilikuwa nashika redio ya upepo katika hospitali moja ya misheni. Waya tuliufunga kati ya miembe miwili. Saa mbili kamili asubuhi nilikaa mezani na daftari, nikaita kituo kimoja baada ya kingine: nakupata, ova, rudia, ova. Kwa waya huo tuliagiza dawa, tuliomba ndege ya madaktari, tulipeleka habari za misiba kwa watu ambao barua ingewafikia baada ya arobaini. Hakuna aliyeuogopa. Waliotusumbua ni kunguru tu. Simu za mkononi zilipofika, redio ile ikafunikwa kitambaa, na sijui iliishia kwa fundi gani. Mimi nilistaafu na daftari.

Sasa kwa nini mita 12, na si waya wa kuanikia nguo? Hapa naomba univumilie kidogo, kwa sababu ndipo kesi yangu yote ilipo. Wimbi la megahezi 14 lina urefu wa mita 21 hivi, na waya wake ni nusu ya hapo, yaani mita 10 na kitu. Ukiutundika mita 3 kutoka ardhini, nguvu nyingi inapanda wima kama moshi wa jiko na kupotelea juu. Ukiuinua kiasi cha nusu ya wimbi, sauti inaanza kutoka kwa mlazo, inakwenda kugonga tabaka la ionosfia, kilomita mia na kitu hadi mia kadhaa juu yetu, inadunda, na kushuka maelfu ya kilomita kutoka hapa. Hakuna setilaiti inayohusika hapo, wala kebo ya baharini. Kwa hiyo mita 12 sikuziokota hewani. Ni urefu ambao ukipungua sana, leseni niliyolipia inakuwa karatasi ya kutundika sebuleni. Na sikuomba 30, maana sizihitaji.

Chenyewe ni latisi ya pembe tatu, yaani vyuma vyembamba vilivyounganishwa kama wavu, nyembamba kiasi kwamba naweza kuikumbatia, na uzito wake haufiki kilo 100. Chini ni zege na nondo, pembeni nyaya tatu za kukaza. Kiwanja changu kina upana wa mita 26. Shimo liko katikati, mita 13 kutoka kila uzio. Tufanye ubaya wote umetokea, nyaya tatu zimekatika kwa pamoja na chuma kimeng'oka kama mti uliokatwa shinani: kitalala ndani ya uzio wangu, juu ya migomba yangu.

Linganisha na tunavyoishi. Pita mtaani kwetu uhesabu simtanki zilizokaa juu ya nguzo za zege, nyingine juu ya vyuma vilivyoungwa na fundi wa kona. Lita 5,000 za maji ni tani 5. Tani 5 juu ya mlango wa jikoni, watoto wanacheza chini yake, na sijasikia mwenye tenki akiombwa tathmini ya mazingira. Mnazi ulio karibu na kona yangu nimeukadiria mita 18, tena huo unaangusha nazi. Siombi mnazi ukatwe wala tenki lishushwe. Naomba tu chuma changu kipimwe kwa futi ileile.

Majirani wana hofu, na hofu yao nimechangia mwenyewe. Nilichimba shimo kabla sijapita nyumba kwa nyumba kueleza. Hapo nilikosea. Mama wa nyumba ya mashariki aliamka Jumapili akakuta mafundi wawili na kifusi, akauliza, fundi akamjibu kwa mkato, "mnara". Kufikia jioni mtaa mzima ulijua nimevuta mamilioni kutoka kampuni ya simu, maana inajulikana kuwa mwenye nyumba yenye mnara hulipwa kodi. Nimekwenda kwake kuomba radhi. Tulikunywa chai, akaniambia wazi kwamba mionzi inamtisha kwa sababu ya mjukuu wake, na kwamba kama kuna fedha, ni uungwana na majirani wapate kidogo. La fedha nililijibu kwa kumwonyesha kitabu changu cha pensheni.

La mionzi halina mzaha. Mawimbi ya redio si sawa na eksirei. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili, na jambo linalopimwa na viwango vya kimataifa ni joto yanaloweza kuleta kwa mtu aliye karibu mno na antena. Mtambo wangu hutoa wati 100, sawa na matumizi ya balbu moja ya kizamani, na si mchana kutwa: mtu wa redio ni masikio kuliko mdomo, husikiliza saa nzima aongee dakika tano. Stesheni za FM hurusha maelfu ya wati, usiku na mchana. Tena kuna jambo ambalo mama jirani alilikubali nilipomchorea: waya ukiwa juu unakuwa mbali na kichwa cha mjukuu. Mkininyima urefu, mnaushusha karibu naye.

Kuhusu radi, nimezaliwa Kasulu, mahali ambapo radi si hadithi. Chuma kisicho na ethi, yaani njia ya kuushusha umeme ardhini, ni hatari, nakubali. Ndiyo sababu michoro yangu ina fimbo za shaba zilizozamishwa ardhini na nyaya nene za kuunganisha, na mkaguzi wenu akitaka ziongezwe nitaongeza. Kwa anayehofia kwamba redio hii ni ya ujasusi nitasema sentensi mbili. Wanaredio wa ridhaa hawaruhusiwi kuficha maana ya mazungumzo yao kwa msimbo wanapoongea na nchi nyingine. Kila mwenye redio yenye masafa hayo anaweza kunisikiliza nikielezea mvua ya jana na goti langu.

Runinga ni suala la haki. Kabla ving'amuzi havijashika Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, mtambo mbaya wa jirani uliweza kukujazia chenga katikati ya taarifa ya habari. Siku hizi ni nadra, lakini siwezi kuapa kwamba hakuna spika ya bei chee mtaani itakayokoroma nikibonyeza kitufe. Ikikoroma, nitazima mpaka kichujio kipatikane, kwa gharama yangu. Andikeni hilo kwenye kibali.

Ugomvi wa namna hii haukuanzia kwetu. Kule Marekani halmashauri na wanaredio walivutana miaka, hadi tume yao ya mawasiliano, FCC, ikatoa uamuzi mwaka 1985: halmashauri inayo haki ya kusimamia usalama na sura ya mtaa, ila kanuni zake ziwaachie wanaredio nafasi ya maana, na zisizidi kiwango kinachohitajika kutimiza lengo lake halali. Marekani si Manispaa yetu, na sisemi tuige. Swali lao tu ndilo ninaloazima: sharti hili linalinda nini? Cheti kikubwa cha mazingira kwa kampuni inayoweka jenereta, uzio na chuma kirefu cha kupangisha mitandao mitatu, naelewa kinalinda nini. Kwa waya wangu, sijaelewa.

Utaniuliza mtaa unapata nini. Swali zuri, na sitakudanganya kwamba siku ya kawaida unapata chochote. Lakini Desemba 2004 mwanamama wa Kihindi aitwaye Bharathi Prasad alikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, na wenzake wa redio ya ridhaa. Walikwenda kwa starehe yao, kuwapa wanaredio wa dunia nafasi ya kuongea na visiwa ambavyo ni adimu kusikika. Asubuhi ya tarehe 26 ardhi ikatetemeka, bahari ikaja. Simu zikakatika. Antena yao ilikuwa imeshasimama, na ndiyo iliyopeleka habari za visiwa vile bara, na kurudisha majibu kwa watu waliokuwa wakitafutana. Mawimbi yale yale ya bahari yalifika hadi pwani yetu na kuua. Na tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini zilipokatika, tuliona intaneti ilivyozorota nchi nzima na watu wakabaki wanatazama kiduara kinazunguka. Ile haikuwa gharika. Siku ya gharika huwezi kuanza kuchimba shimo na kusubiri zege likauke.

Basi ninachoomba ni hiki. Faili langu litoke kwenye kabati la minara ya kampuni, lisomwe kama ujenzi mdogo ndani ya kiwanja cha makazi. Mhandisi wako aje na futi apime, akague zege na ethi. Mwenyekiti wa mtaa aitishe kikao, majirani waseme mbele yangu. Anayehofia chuma kuanguka ajibiwe kwa hesabu, anayehofia mionzi ajibiwe kwa vipimo, na kama kuna hofu isiyojibika, iandikwe. Mamlaka ya Usafiri wa Anga waulizwe kuhusu urefu. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inakuruhusu kutoa kibali chenye masharti, nami nakupendekezea mengine mwenyewe: chuma kisikodishwe kwa kampuni yoyote, kisiongezwe hata mita moja bila ombi jipya, leseni yangu ya TCRA ikikoma kishushwe, na nikifa wanangu wakiondoe ndani ya miezi mitatu. Nimeshawaambia. Mkubwa amesema atakiuza chuma chakavu hata arobaini haijafika.

Na kama jibu ni hapana, basi liwe hapana ya maandishi, yenye sababu, ili nijue la kurekebisha au mahali pa kukata rufaa. "Njoo wiki ijayo" siwezi kuikatia rufaa.

Shimo nimelifunika kwa mabati mawili na mawe, watoto wasitumbukie, lakini masika yakianza litajaa maji na nitakuwa nimewafugia majirani mbu. Kwa sasa waya nimeufunga kwenye mpapai, mita 4 kutoka ardhini. Jumamosi jioni, jua likizama, masafa hufunguka upande wa Bara Hindi. Juzi nilimsikia mtu wa Chennai kana kwamba yuko barazani. Nikamwita mara tatu, nne. Akaendelea kuuliza kama kuna mtu yeyote Afrika Mashariki.

Karibu siku moja ukae nami usikilize. Kahawa ipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa nyumba yenye shimo

Nakala:
Diwani wa Kata
Mwenyekiti wa Mtaa
Jirani wa mashariki (nimempelekea kwa mkono)