Barua kwa mwanangu anayechana mistari Unguja

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Huku Wete sote hatujambo, alhamdulillahi. Bibi yako anakusalimu sana, na mdogo wako ashauhifadhi wimbo wako wote, anauchana tangu alfajiri.

Na mimi nimeusikiliza. Sauti unayo, pumzi unazo, wala sikwambii uache. Lakini nimemtafuta mtoto wa Pemba mle ndani, sikumuona. Magari ya fahari, majumba ya ghorofa, pesa za kumwaga: hivyo umevionea wapi, baba, nawe unalala chumba cha kupanga na wenzio?

Umeniambia kwamba mwalimu wako ni Profesa Jay, yule mchanaji wa Bongo Fleva. Vyema, basi mfuate kwelikweli. Jina lake hasa Joseph Haule, alizaliwa Songea mwaka 1975. Alikuwa na kundi la Hard Blasters, wakatoa albamu ya Funga Kazi mwaka 2000, na mwaka wa pili yake akatoa ya kwake, Machozi Jasho na Damu. Zama zile watu wazima wengi wakiuona muziki huo wa kuchana ni uhuni mtupu. Kisha ukaja wimbo wake "Ndio Mzee". Mgombea anamwaga ahadi, umati unaitikia. Kila aliyewahi kusimama juani kwenye mkutano wa kampeni alijua kinachosemwa, na maneno yalisikika moja moja, hata sisi tuliozoea taarabu tukayafahamu. Mimi hilo ndilo lililonivuta kwake. Mtu akichana, nami nisiambulie hata neno, kanichosha tu masikio.

Mwaka 2015 watu wa jimbo la Mikumi, Morogoro, wakamchagua kuwa mbunge wao, akakaa mpaka 2020. Hebu lifikiri hilo: aliyeimba ahadi za wagombea akaja kusimama mwenyewe kuomba kura, na mistari yake watu wanayo kichwani. Unachokitia studio leo kitakungoja mbele ya safari. Mwaka 2022 akaumwa sana, figo, akalazwa Muhimbili muda mrefu, na nchi nzima ikamuombea dua. Alipopata nafuu alianzisha taasisi ya kuwasaidia wagonjwa wa figo. Nampenda mtu huyo.

Tena usidhani kusema mambo ya watu kwa vina kumeanzia bara. Hapa hapa Pemba, malenga wawili, Kamange na Sarahani, wakijibizana kwa mashairi zaidi ya miaka mia iliyopita, na ukikosea mizani mwenzio hakuachii. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mtoto wa Fumba huko Unguja aliyekuwa akitembeza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri kwa Kiswahili. Katika "Kijiti" aliimba habari ya mwanamke aliyeuawa, muuaji akakimbia, wakafungwa mashahidi. Yalikuwa mambo ya mjini, yaliyokuwa yakisemwa vibarazani, yeye akayatia sauti.

Sasa wewe umekulia chini ya mikarafuu. Unamjua mchumaji anayelipwa kwa pishi, na kijana aliyevunjika mgongo kwa tawi lililokatika. Wanawake wanakesha wakichambua karafuu kwenye makonyo yake, mvua ikinyesha karafuu zi jamvini roho zao juu. Na boti ya Mkoani, abiria wanavyotapika, na mama anayempeleka mtoto hospitali Unguja kwa nauli ya kuazima. Nani atayasema hayo kama si nyinyi? Na yaseme kwa Kipemba chetu, usibane ulimi uonekane wa Dar es Salaam.

Kabla hujarikodi wimbo wa pili, niandikie mistari yote niisome. Nitakwambia kweli, hata ikikuuma. Ule wa kwanza nenda COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ukausajili kwa jina lako, usimwachie mwenye studio. Babaako amekuwekea ndizi na samaki wa kukaanga, atampa jirani anayesafiri Alhamisi. Kampokee bandarini mapema.

Mamako