Shina la okidi lisikatwe kabla spishi haijajulikana

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kulea okidi nondo (jenasi ya Phalaenopsis) nyumbani ilinifurahisha, ila ushauri mmoja umenikera: eti maua yakishapukutika, shina lake likatwe hadi chini. Kwa machotara yenye maua makubwa ya duara, sina neno. Kwa spishi za asili, inategemea umeshika ipi mkononi.

Dirishani kwangu ninayo spishi mojawapo ya asili, Phalaenopsis bellina. Shina lake kuukuu bado la kijani, na msimu wake ukifika hutoa ua, kisha jingine, yote yakinukia vizuri sana. Phalaenopsis cornu-cervi, yenye shina lililobapa, nayo huchanua kwenye shina lilelile miaka nenda rudi. Ukilikata, umejinyima maua yajayo.

Kwa hiyo tuanze na kuitambua, na rangi peke yake haitoshi. Phalaenopsis amabilis na Phalaenopsis aphrodite, kwa mfano, zote nyeupe. Chukua kioo cha kukuzia utazame mdomo wa ua, yaani petali ya chini iliyo tofauti na nyingine: sehemu yake ya kati kwa aphrodite ina umbo la pembetatu, kwa amabilis ni nyembamba na imekaa kama msalaba. Bellina nayo ilihesabiwa kuwa aina tu ya spishi nyingine, violacea, mpaka mwaka 1995, mtaalamu wa mimea Eric Christenson alipoitenga. Ua lake ni la kijani kibichi hafifu, na zambarau imejaa upande wa ndani wa sepali (vipande vya nje vya ua vinavyofanana na petali) mbili za chini. Kwa violacea rangi imesambaa zaidi. Schilleriana na stuartiana, zenye majani ya mabaka ya fedha, mimi sithubutu kuzitaja kabla hazijachanua. Ya kwanza hutoa maua ya waridi, ya pili meupe yenye vidoadoa kwenye sepali za chini.

Malezi nayo hufuata spishi. Schilleriana hungoja usiku upoe ndipo ichipuze shina la maua. Bellina hupenda joto mwaka mzima. Zote, lakini, huoza maji yakituama katikati ya majani.

Mkirudia mada hii, naomba mchapishe picha ya mdomo wa ua kwa karibu. Tena wahimizeni wasomaji watunze lebo iliyokuja na mmea. Ikipotea, waandike “haijatambuliwa” na wangoje ua, wasibuni jina.

Msomaji wenu, mlezi wa okidi