Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: Dagaa wanaoozea mchangani nao wahesabiwe

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Kigoma. Mimi ni mmoja wa akina mama wanaonunua dagaa wabichi mwaloni, yaani pale vyombo vinaposhushia samaki, wakawaanika na kuwauza wakavu. Nakuandikia kuhusu kufungwa kwa Ziwa Tanganyika, ila usidhani napinga. Wanaopinga wapo, na baadhi yao wana hoja za maana. Mimi nakubali ziwa lipumzike. Kinachoniuma ni kwamba tunawaokoa dagaa majini, halafu tunawapoteza nchi kavu.

Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wetu kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Najua jambo hilo halikuzuka Dodoma tu. Nchi nne zenye ziwa hili, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zilisaini mkataba wa kulisimamia kwa pamoja pale Dar es Salaam mwezi Juni 2003, na kutokana na mkataba huo tukapata Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Ni sawa kabisa. Dagaa hawajui mpaka, na nchi moja ikifunga peke yake inawanenepeshea wenzake.

Lakini tazama kalenda, Mheshimiwa. Mei hadi Agosti ndicho kiangazi chetu. Jua la kutosha, upepo mkavu, dagaa wakianikwa alfajiri jioni wanaingia guniani. Miezi hiyo ndiyo iliyofungwa. Ziwa likafunguliwa katikati ya Agosti, na ikifika Novemba mvua imeshashika, haituachi mpaka Aprili na zaidi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya dagaa tunaoruhusiwa kuvua wanatua mwaloni wakati hatuna pa kuwakaushia. Wengi wetu tunaanika mchangani. Mvua ikipiga saa nane mchana, dagaa waliokwisha anza kukauka wanalowa, wanabadilika rangi, vichwa vinakatika, harufu inaanza. Mteja wa Dar es Salaam hawataki. Wanakwenda kwa wafuga kuku kwa bei ya kutupa, na mvua ikikaza siku mbili hata mwenye kuku hawataki.

Hasara hiyo haiishii kwetu, inarudi ziwani. Mchuuzi aliyepoteza mzigo bado anadaiwa rejesho la kikundi, kwa hiyo kesho anatafuta mzigo mkubwa zaidi. Mwenye chombo naye anaongeza taa, na asiye mwaminifu anatafuta nyavu zenye matundu madogo. Tangu zamani vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa usiku kwa taa, havitoki mbalamwezi ikiwaka, kwa kuwa taa hazivuti dagaa. Hayo ni mapumziko ya kila mwezi yasiyohitaji askari hata mmoja. Ila giza likirudi, watu wanavua cha leo pamoja na kilichooza juzi.

Na samaki wenyewe hawataongezeka kwa doria peke yake. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi, na rutuba yake nyingi imelala chini. Upepo ndio unaoikoroga ikapanda juu, mwani ukaota, dagaa wakala. Maji ya juu yakizidi kupata joto, yanagoma kuchanganyika na ya chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20. Sisi wa Kigoma hatuwezi kulipoza ziwa. Tunachoweza ni kuhakikisha kila dagaa aliyetolewa majini anafika mezani kwa mtu.

Desemba 2022 mataifa yalikubaliana kule Montreal kuhusu viumbe hai. Linalotangazwa sana ni lile la kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na ya maji ifikapo 2030, na sisi tulio jirani na hifadhi za taifa za Gombe na Mahale tunalielewa haraka. Lengo la 16 la makubaliano hayohayo linataka chakula kinachotupwa duniani kipungue kwa nusu kufikia mwaka huohuo. Hilo sijalisikia mwaloni. Huku uhifadhi unaonekana kama boti ya doria na nyavu zinazochomwa moto.

Tunachohitaji si kitu cha ajabu. Ni vichanja vya waya vilivyoinuliwa kutoka ardhini, na mabanda ya nailoni inayopitisha mwanga kwa ajili ya masika. Burundi, FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, imeshawafundisha wenzetu kuanika juu ya waya badala ya mchangani. Shida yetu kubwa hata si waya, ni ardhi. Kichanja kinataka nafasi, na ufukwe unagombaniwa na vyombo, maghala na wenye viwanja. Mradi ukileta waya pasipo eneo lililopimwa na kuandikwa kuwa la kuanikia, waya huo utaishia kuzungushia mabanda ya kuku.

Pia maofisa wako wa uvuvi wanaandika samaki wanaoshushwa. Naomba waandike na wanaoharibika, kuanzia Novemba hadi Aprili, na hesabu hiyo iwe mezani kabla ya kutangaza kufunga tena. Mkataba wa 2003 unasema jamii zinazoguswa zishirikishwe katika maamuzi. Mikutano ya kufunga ziwa inaita wavuvi. Anayeanika naye aitwe.

Kama wataalamu wana sababu ya kuchagua miezi hiyo mitatu, waje waieleze mwaloni kwa Kiswahili cha kawaida, nami nitakuwa wa kwanza kuitetea. Na wewe ukipanga ziara, usije Julai, utatukuta tumekaa. Njoo Januari, saa za mchana, na tafadhali uje na ofisa ardhi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwanika dagaa, Kigoma