Mjomba, usiing'oe mizabibu kabla hujasoma hii

Shikamoo mjomba. Mama kaniambia unataka kung'oa zabibu upande alizeti, kisa mnunuzi kachelewa tena na mzigo unaozea shambani. Nakuandikia hapa wazi maana najua Dodoma mko wengi mnaowaza hivyo sasa hivi. Mi niko Sicily, Italia, kwenye mteremko wa kaskazini wa mlima Etna, nimekuja kuonja waini, na kila glasi ninayoshika nakuwaza wewe.

Huku volkano bado iko hai kabisa, juu inatoa moshi na chini watu wanapogoa mizabibu yao. Udongo ni mweusi, majivu na lava iliyosagika, af kila mlipuko umeacha udongo wa umri wake kwa hiyo shamba hili na la jirani vinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Mwaka 1981 lava ilishuka ikaukosa kidogo tu mji wa Randazzo, ikakata reli na kufunika mashamba, na hadi leo ukipanda kale katreni ka Circumetnea, kanakouzunguka mlima, unaliona limwamba jeusi limelala pale. Ila kwenye mlima huohuo kuna mizabibu ya zaidi ya miaka mia bado inazaa!

Zabibu yao nyekundu inaitwa Nerello Mascalese. Ukiimimina waini yake utadhani imeongezwa maji, rangi imepauka, lakini mdomoni inakaza ulimi na ule uchachu unabaki muda mrefu. Nyeupe ni Carricante, na ile ya kijiji cha Milo, upande wa mashariki wenye mvua nyingi, mjomba ile ina ukali wa ndimu na kachumvi kwa mbali, hiyo ndo nimeipenda kuliko zote. Kazi yake sasa... mashamba ni ngazi ngazi zenye kuta za mawe ya lava yasiyo na saruji, sehemu nyingi trekta haipiti, kila mti umesimama na nguzo yake, na wanavuna mara moja tu kwa mwaka, mara nyingi Oktoba kwa ajili ya baridi ya huko juu. Wewe unavuna mara mbili.

Sasa nisikilize. Hawa watu nao waliacha. Waini ya hapa ilikua inauzwa kwa jumla, inasafirishwa kwenda kuongezea nguvu waini za watu wengine, hakuna aliyejua imetoka wapi, bei ikawa ya kukatisha tamaa, vijana wakaondoka, na zile palmento, majengo ya mawe walikokua wanakanyagia zabibu kwa miguu, zikabaki magofu. Hadhi ya DOC, yaani jina la eneo la waini linalolindwa na sheria ya Italia, walikua nayo tangu 1968 na bado mashamba yakaendelea kutelekezwa. Kilichobadilisha ni watu kama Giuseppe Benanti, aliyekua na biashara ya dawa pale Catania, akaanza waini 1988, na mtengenezaji waini Andrea Franchetti aliyekuja 2000, kuamini ile miti ya zamani na kuitengenezea waini yake yenyewe. Wakafika mahali kila kipande cha mlima, wenyewe wanaita contrada, kinakua na chupa yake, na tangu 2011 sheria inaruhusu jina lake liandikwe kwenye lebo, ziko zaidi ya 130. Nimeonja waini za contrada mbili, Feudo di Mezzo na Guardiola, pamoja, zabibu ileile, ya kwanza laini, ya pili imetoka juu zaidi na imekaza kweli. Watu wanatoka mbali kuja kulipia huo utofauti tu.

Zako je? Mchuzi wa zabibu zako unamwagwa tenki moja na wa kijiji kizima na wilaya ya pili, anayekunywa hajui kama upo duniani. Mi naamini kabisa mateso yako yote yanaanzia hapo, maana asiyejulikana hawezi kupanga bei.

Ninachoomba ni hivi, lima alizeti kule bondeni kama lazima, ila ile mistari ya zamani aliyopanda babu iache. Msimu ujao tukamue mchuzi wake peke yake, tenki ntanunua mimi, na mtengenezaji mdogo wa kutupokea tutamtafuta wote, hata kama zitatoka chupa chache. Kwenye lebo tuandike jina la kijiji. Nipigie jioni kabla hujaita vibarua, tafadhali mjomba.