Mlango wa jiko la mama haukuokotwa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Safari hii nimeshindwa. Nasema ile habari ya sanamu za mabati, mbao na milango mibovu, zilizoundwa kwa mfano wa nyumba tunazojijengea wenyewe huku Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mwandishi wenu alizisifu mpaka akaishiwa maneno, na picha mkaitoa ya rangi, nusu ukurasa.

Basi nikaenda kuziangalia, kwenye hoteli huko Mji Mkongwe. Mlinzi akaniuliza nimeleta mzigo gani. Nilipoingia ndani nikakutana na mlango wa jiko la uani la marehemu mama yangu, umegeuzwa ubavu wa kibanda. Sikuufananisha na mwingine. Mbao zake baba alizinunua kwa watu waliokuwa wakivunja jahazi bovu. Penye ufa akapigilia debe la mafuta lililokunjuliwa, bawaba akazikata kwenye tairi la gari, na misumari tuliinyoosha sisi watoto kwa jiwe. Upande wa ndani una vistari vya mkaa: hiyo ni hesabu ya nazi mama alizokopesha majirani, na wengine hawajalipa hadi leo. Kikaratasi cha pembeni kinasema vitu vyote vimeokotwa mitaani, bei dola 900. Umeokotwa wapi? Mpwa wangu aliuuza kwa shilingi 15,000 nikiwa shamba, na hilo nitalimaliza naye nyumbani. Lakini aliyeununua anajua ameutoa nyumba gani na pesa amempa nani. Jina la msanii limeandikwa kwa herufi kubwa, la fundi halipo.

Mwandishi wenu alimlinganisha na António Ole wa Angola, anayepanga mabati na milango, mfano wa mitaa ya Luanda, ikawa ukuta mzima. Haya. Binti yangu akanitafutia kwenye simu habari za mwingine, Beverly Buchanan wa Marekani, aliyefariki mwaka 2015. Yeye alikuwa akiunda vibanda vidogo kwa vipande vya mbao, mfano wa vile walivyojijengea maskini wa kusini mwa nchi yao, na vingine akaviandikia kisa cha mkaazi wake. Kumbe inawezekana.

Bati lenye kutu likiwa juu ya paa langu linaitwa ujenzi holela. Wanakuja watu na rangi nyekundu, wanapiga alama ya X ukutani na hata hodi hawabishi. Likivuka barabara ya Darajani likaingia ukumbini, watu wanalizunguka na glasi za juisi mkononi. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kubadilisha dirisha tu unatakiwa kibali. Huku kwetu nyumba inavunjwa asubuhi, jioni watoto wanachezea mpira pale pale. Tunaambiwa tujenge nyumba bora. Kwa mchanga upi? Gari moja ya mchanga ukiulizia bei siku hizi unatafuta pa kukaa. Na ukishajibana ukanunua, mvua ya masika inakufuata ndani, kwa sababu mtaro walioanza kuuchimba uliishia mbele ya baraza yangu na wachimbaji hawakurudi. Huo nao si sanaa? Mbona hamjaupiga picha?

Ushauri wangu: kila sanamu ibandikwe jina la aliyeijenga nyumba ilimotoka, mtaa wake, na bei aliyolipwa. Watu wa Ng'ambo waingie bure, japo Ijumaa baada ya sala ya alasiri, tukatafute milango yetu.

Na msanii mwenyewe, kwa vile amependezwa na bati lililotoboka, namwalika alale uani kwangu usiku mmoja wa masika. Akiona tabu, basi anirudishie mlango, au alete bati jipya moja la geji 28 na misumari yake. Nyumba ataonyeshwa na sheha, kiongozi wa mtaa wetu.

Msomaji wenu,
Jang'ombe, Unguja